Mtu Aliyenisemea

Jina lake sitalitaja. Si kwa heshima, msidanganyike. Sitaki tu kulitia mdomoni. Kambi nzima ya Nakivale, huku Uganda, walimwita Mkalimani, na mimi niliyeishi naye nyumba moja miaka kumi na mitatu nilimwita hivyo hivyo, hata siku za mapenzi. Ndiye aliyenifundisha Kiswahili hiki mnachokisoma. Ndiye aliyenifundisha kuingia ofisini bila kujikunyata, kupika sombe, yaani kisamvu, kwa mawese, na kucheka bila kuziba mdomo kwa kiganja. Siku moja, mbele ya daktari, aliulizwa kwa niaba yangu kama ninataka kuzaa, naye akajibu. Leo nina miaka arobaini na saba na sina mtoto. Mengine yote nitakayosema juu yake yasomeni mkikumbuka hilo.

Tuanze na kazi yake, maana nje ya kazi alikuwa hajulikani. Alikuwa na koti la kahawia ambalo mikono yake ilikuwa imelika hadi bitana, na alilivaa hata kwenye jua la kiangazi linalopasua ardhi huko kwetu kambini. Asubuhi alisukutua mdomo kwa maji ya chumvi, mara tatu, ndipo akaenda kituo cha afya. Alijua Kiswahili, Kirundi, Kifuliiru, Kifaransa na Kiingereza. Alipokuwa akimsemea mgonjwa hakukaa kando yake, alisimama nyuma yake hatua moja, na alisema "mimi". Mzee wa miaka sabini akilalamika goti, Mkalimani alimgeukia nesi akasema, "Goti langu linauma, siwezi kupanda kilima." Mwanamke akisema anatokwa na damu, yeye na ndevu zake alisema, "Ninatokwa na damu tangu Jumapili." Wageni walicheka. Yeye hakucheka hata kidogo. Aliniambia ndiyo sheria: ukisema "anasema goti linamuuma" umejitia katikati ya watu wawili, lakini ukisema "goti langu" umejiondoa, wamebaki wao. Nilimwamini, na ujinga wangu ulianzia hapo.

Tulikutana nikiwa na homa. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, nimefika kutoka Burundi bila mume, bila ndugu, na Kirundi peke yake mdomoni. Nesi aliuliza, mimi nikanong'ona, kisha nikasikia sauti nzito nyuma yangu ikisema kitu; nikageuka, nikaona mwanamume mwenye ndevu akigusa paji la uso wake. Nikauliza amesema nini. Akanijibu kwa Kirundi, "Nimesema kichwa changu kinaniuma." Nikacheka na homa yangu yote. Nilikuwa sijawahi kuona mwanamume akiumwa na kichwa changu.

Baada ya hapo nilikuwa wake wa kufinyanga. Nasema wazi, maana hakuficha. Aliniambia, "Weye nitakutengeneza." Ukimsikia anasema "weye" na "miye" na "batu", ujue amechoka au amependa, kazini alisema Kiswahili kilichopigwa pasi, kama cha redio, lakini nyumbani cha kwao Kivu, Kongo, kilimtoroka. Masomo yalikuwa kila mahali. Nikilima maharage alikaa kwenye tuta na kuniuliza majina ya vitu. Nikikosea kuomba chumvi, hakunipa, na yeye pia alikula chakula kisicho na chumvi mpaka nipatie. Wiki nzima tulikula mboga chapwa kwa sababu ya sentensi moja. Majirani walituona wendawazimu.

Hakupenda salamu zetu. Sisi Warundi tunasalimiana polepole, unamshika mtu mkono, unashika na kiwiko chake, macho chini, sauti chini. "Ofisini sauti ya chini inasikika kama uongo," aliniambia. "Inua kichwa. Batu ba ofisi banaangalia macho." Alinisimamisha mbele yake na kunishika kidevu. Jina langu nalo alilitoa. Lilikuwa refu, la Kirundi, lenye sala nzima ndani yake, na karani kila mara alilikanyaga. Siku moja Mkalimani akamwambia karani, "Andika Esperansi." Niliingia pale na jina la baba yangu, nikatoka Esperansi. Hadi leo wateja wangu wa chakula hapa Kakoba, mjini Mbarara, wananiita Mama Esperansi, na mgeni akisikia anauliza huyo Esperansi binti yangu yuko wapi.

Hata kulia alinifundisha. Jamani, hata kulia! Alikaa kwenye kigoda, akajifanya afisa wa wakimbizi, akanihoji. "Usilie swali la kwanza, watasema umejitayarisha. Subiri la tatu. Na kidogo tu." Nilijaribu, nikashindwa, nikaangua kicheko mpaka machozi yakanitoka, naye akaruka juu: "Hiyo! Hiyo ndiyo ya swali la tatu!" Tulicheka wote wawili mpaka mbuzi wa jirani wakakimbia.

Nisijifanye mtakatifu, nilipenda. Nilipenda kuona wanawake wenzangu wakinitazama ninapoongea na polisi bila kutetemeka. Jirani yangu mmoja, Mrundi mwenzangu, aliniambia kwa kinyongo, "Wewe sasa umekuwa Mkongomani." Nikalichukua kama sifa. Nilikwenda nyumbani nikamweleza, akasahihisha kitenzi kimoja, kisha akanikumbatia.

Alikuwa mtu mwema pia, nalo lisemwe, hata likiniuma. Wanawake wenye uchungu wa kuzaa wakipelekwa kituoni, alikwenda kuwasemea bila kuitwa, mvua inanyesha, matope hadi magotini. Akirudi alikaa nje na koti lake lililolowa, hataki chakula. Nilidhani ni huruma tu. Alikuwa na daftari la shule aliloandika maneno ambayo lugha moja inayo na nyingine haina, na akikosa usingizi wa mchana alilifungua na kuhangaika na neno moja kama mtu anayetafuta sindano. Hakusema uongo kwa ajili ya rushwa hata mara moja. Mtu mmoja alimtaka abadilishe maelezo ya jirani yake aliyegombania naye shamba, Mkalimani akamfukuza uwanjani kwa fimbo. Watu walimwamini kuliko mchungaji.

Ila alikuwa na kasoro ambayo nilichelewa kuiona: alikuwa hana sentensi yake mwenyewe. Ukimuuliza, "Na wewe unaonaje?" alikueleza wengine wanaonaje. Mambo ya kwao aliyakata kwa maneno machache, kwamba mke wake wa kwanza alikufa kwa vita na wanawe wawili wako Kampala, wakubwa. Basi. Kunipenda alinipenda, lakini hakuwahi kulisema kwa kinywa chake. Alisema, "Mwanamume mwingine hapa angekwambia anakupenda." Nami, kwa vile nilikuwa na njaa ya neno hilo, nikalipokea la huyo mwanamume mwingine.

Sasa lile jambo. Tulikuwa na miaka mitano pamoja, mimi nina thelathini na miwili, na mimba haikuja. Damu ilikuwa inakuja vibaya, na tumbo linauma. Kituoni wakaniandikia barua ya kwenda hospitali moja Mbarara. Tukapita Isingiro kwenye migomba ile isiyoisha, mimi nimekumbatia barua, nimevaa kitenge kipya. Moyoni nilikuwa na ombi moja tu. Nilimwambia njiani, "Mwambie daktari nataka mtoto. Kabla ya yote mwambie hilo." Akaitikia kwa kichwa.

Daktari alikuwa kijana mpole. Alinipima kwa mashine, kisha akachukua karatasi akanichorea kizazi, umbo la parachichi, na ndani yake vinundu vinundu. Alisema maneno mengi ya Kiingereza, na alinitazama mimi, si Mkalimani. Halafu akauliza kitu, akasubiri. Nyuma yangu kukawa kimya. Kwa miaka mitano sikuwahi kusikia mtu yule akikaa kimya baada ya swali. Nikageuka kumwangalia. Akasema maneno machache, mafupi. Daktari akakunja uso, akanitazama tena, akauliza tena polepole. Mkalimani akaniambia kwa Kirundi, "Anauliza kama maumivu ni mengi."

Nikasema ndiyo, ni mengi sana. Nikaitikia kwa nguvu, kichwa juu, macho kwa macho na daktari, kama nilivyofundishwa. Daktari akaandika.

Nje, kwenye benchi, Mkalimani alininunulia chapati na chai. Akaniambia, "Dokta amesema kizazi kimeharibika. Kuzaa hakuna tena. Ya kutuliza maumivu iko, amekuandikia." Nililia mpaka chai ikapoa. Akanishika kichwa akakiweka kwenye koti lake. Hakunisahihisha kitu siku ile.

Miaka minane nikaishi na hukumu hiyo. Na miaka hiyo, Mungu wangu, alikuwa mwema kupita kiasi. Alikwenda kuchota maji mwenyewe na dumu begani, wanaume wakimcheka. Nikiumwa alipika. Nilimhurumia kwa kukaa na mwanamke mkavu. Nilimwomba radhi! Mara mbili nilimwambia atafute mwanamke mwingine azae, mara mbili akakataa, na mimi nikalia kwa shukrani. Mnanielewa? Nilimshukuru. Nikikumbuka lolote kuhusu mtu yule, shukrani yangu ndiyo inayonichoma zaidi.

Ukweli niliukuta peke yangu. Nilikuwa na miaka arobaini, damu imezidi hata siwezi kusimama sokoni, naye siku hiyo aliitwa Isingiro kuwasemea watu wa kesi ya mipaka. Nikapanda gari mwenyewe hadi Mbarara. Kinyankore, lugha ya wenyeji, nilikuwa nimekiokota sokoni, kwetu sisi Warundi si kigumu. Safari hii alikuwa daktari mwanamke. Alifungua faili langu la zamani, akasoma, akavua miwani.

"Nyabo, mama," akaniambia, "mbona ulikataa upasuaji?"

"Nilikataa lini?"

Akanisomea, akinigeuzia kila mstari kwa Kinyankore. Kwamba uvimbe ulikuwa mdogo. Kwamba mgonjwa ameelezwa ukitolewa anaweza kupata mtoto. Kwamba mgonjwa amesema: sitaki kuzaa, sitaki kupasuliwa, nataka dawa ya maumivu tu. Kwamba ameulizwa mara mbili.

"Mara mbili?"

"Mara mbili, nyabo. Imeandikwa hapa, na ya pili uliitikia mwenyewe kwa kichwa."

Uvimbe sasa ulikuwa umeshika kila mahali. Kizazi kilibidi kitolewe chote, hakuna namna. Waliniletea karatasi na kuniuliza kama kuna mtu wa kunisomea. Nikasema hapana, nisomeeni ninyi, nitaelewa. Nikaweka sahihi.

Niliporudi Nakivale na kidonda changu, alikuwa amepika. Nilisimama mlangoni nikamwambia nilichosomewa. Nikamuuliza swali moja, kwa nini. Akatazama sufuria. Nikauliza tena. Mtu yule wa lugha tano akasema, "Kula kwanza." Nilichukua begi moja na kitanda nikamwachia.

Nilikuja Kakoba. Ninapika. Sombe, maharage, ndagala, yaani dagaa, bugali wa muhogo kwa Wakongomani na matoke kwa wenyeji. Vijana wa boda wanajaa mchana, wananitania, nawatania. Wakiniona nikimkemea askari wa mji anayetaka kuniondolea meza wanapiga makofi. "Mama Esperansi haogopi mtu!" Hawajui nilipotengenezwa. Na ninyi msinitake niseme simshukuru kwa hilo. Ulimi huu ninaomtukania aliufungua yeye, na hilo nalo linanikera.

Miaka sita ilipita hivyo. Mwaka jana, saa ya chakula, nikamwona amesimama mlangoni na koti lile. Alikuwa ametoka hospitali ya Ruharo kupimwa macho, anapapasa kidogo. Amekonda. Nikamwambia kama ninavyomwambia mteja yeyote, "Karibu, mzee. Unakula nini?"

"Sombe," akasema. "Kama iko."

Nikampakulia. Akala yote, polepole. Watu walipopungua akaniita jina lile alilonipa, nikaenda na mwiko mkononi.

"Uliniuliza kitu ile siku," akasema.

"Nilikuuliza."

"Mama wa batoto bangu hakufa kwa vita." Aliiambia sahani, si mimi. "Alikufia kwenye lopitali, juu ya meza. Badokta bamemuuliza kama anakubali bamupasue. Yeye Kifaransa hajui, akaniangalia miye. Nikasema ndiyo. Bakamupasua, hakutoka. Sasa ile siku ya mu Mbarara, dokta anauliza, weye unageuka, unaniangalia vile vile. Neno haikutoka. Ilitoka ingine."

Niliisubiri sababu hiyo miaka sita. Nilikuwa nimejiandalia sababu nyingi mbaya, kwamba hakutaka mtoto, kwamba wanawe walikataa, kwamba alikuwa na mwanamke. Kwa hizo zote nilikuwa na majibu. Hii ilinikuta mikono mitupu, na nikamchukia kwa hilo pia.

"Ungeniuliza," nikamwambia. "Ungeniambia hivyo hivyo ulivyosema sasa, halafu uniulize."

"Ungesema ndiyo."

"Ningesema ndiyo."

"Basi." Akainua yale macho yake mabovu. "Na leo uko muzima. Unapika, unagombana na batu. Angalia mwenyewe."

Nikaweka mwiko mezani nisije nikautumia. Nikamwambia, "Woga ulikuwa wako. Jibu lilikuwa langu. Ningekufa, ningekufa nimejibu. Na nisingekufa, leo mtoto wangu angekuwa na miaka kumi na mitatu, ananisaidia kuosha hizi sahani, ananijibu vibaya. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Na miaka minane uliniacha nikuombe radhi."

Hapo akalia. Sijui lilikuwa swali la ngapi.

"Unisamehe, Esperansi," akasema.

"Hapana."

"Nitakufa karibu. Dokta ameona ingine, si macho tu."

"Pole. Nasema kweli, pole. Lakini hapana. Sikusamehe. Umesikia nilivyosema?"

"Nimesikia."

"Rudia."

Aliinuka. Akafunga kifungo cha koti, akashika ukuta, akatoka. Nilimwita kijana mmoja wa boda ampeleke hadi kwenye magari ya Nakivale, maana njia alikuwa haioni vizuri. Halafu nikaosha sahani yake pamoja na nyingine.

Miezi minne baadaye wakaja akina mama wawili wa kwaya, Wakongomani, nawajua toka kambini. Walikuwa wamekuja mjini kununua vitambaa vya sare. Waliponiona wakanirukia shingoni wote wawili, wanalia na kucheka. Wakaniambia Mkalimani amezikwa wiki mbili zilizopita, mazishi makubwa, Warundi, Wakongomani, hata wenyeji wa vijiji vya jirani.

"Na alikufa na amani, mama," mkubwa wao akasema. "Kwa ajili yako. Alitueleza yote mbele ya kanisa, kosa lake lote, hakuficha hata moja. Na alitueleza alikuja kwako, ukamupikia, na maneno uliyomwambia. Aliyasema kama vile ni weye unasema. 'Nimekusamehe kwa moyo wote. Enda na amani, mume wangu.' Watu walilia! Mchungaji mwenyewe alilia. Sasa bamama bote ba kanisa banakuombea. Wanasema mwanamke kama huyu hayuko tena."

Nikaweka chini sufuria. "Sikusema hivyo," nikawaambia. "Aliniomba nikakataa. Nilimwambia hapana."

Wakatazamana. Mdogo akanishika mkono, akanishika na kiwiko, akaufanya uso wake mpole sana. "Ni uchungu, mama. Msiba unasemesha mtu mingi. Sisi tunajua moyo wako."

"Hamuujui. Nilisema hapana. Nilisema kwa Kiswahili, alikaa pale, kwenye kile kiti."

"Ndiyo, mama. Ndiyo. Kaa kwanza, unywe maji."

Vijana wa boda walikuwa wameacha kula, wananitazama. Nikawageukia wao. Nikasema tena, kwa sauti, kichwa juu, mtu asije akanisemea. Nikasema kwa Kiswahili, nikasema kwa Kirundi, nikasema kwa Kinyankore. Hapana. Oya. Ngaaha. Wale mama wawili walikuwa tayari wamefumba macho, wananiombea.